Barua kwa mwanangu: Kabla hujaiona London

Chippenham, Wiltshire

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi sana. Natumaini hapo Mwanza mu wazima wote, na kwamba tangu uweke kalamu chini baada ya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita umepata usingizi wa kutosha. Mimi sijambo. Kazi ya kuwahudumia wazee majumbani inaendelea, na ndiyo inayonipitisha vijijini kutwa nzima, hata sasa vichochoro vya huku navijua kuliko mitaa mingine ya Nyamagana.

Visa imetoka, tiketi ipo, sasa tuongee habari ya matembezi. Umeniambia unataka kuiona London, na utaiona. Kwa treni kutoka hapa ni kama saa moja na dakika chache. Lakini nakuomba London isubiri kidogo. Nataka kwanza uzunguke na mimi huku kwangu, kwa sababu kuna vitu ambavyo ukiviona kabla ya yale majumba ya wafalme, hata hayo majumba utayatazama kwa macho mengine.

Chippenham ni mji wa gulio. Tangu zamani watu wa vijiji vya jirani walileta hapa jibini, siagi, mayai na ng'ombe, na mpaka leo Ijumaa na Jumamosi wachuuzi wanapanga meza zao katikati ya mji. Wageni wengi wanashuka stesheni na kupitiliza moja kwa moja kwenda vijiji vyenye sifa. Sisi tutaanza na njia ya miguu.

Inaitwa Maud Heath's Causeway. Mwenye jina hilo alikuwa mwanamke wa karne ya 15. Mapokeo ya hapa yanasema alikuwa mjane asiye na mtoto, na riziki yake ilikuwa kubeba mayai kutoka upande wa kilima cha Wick Hill kuja kuyauza Chippenham. Kati ya kilima na soko kuna bonde la mto Avon, na mto huo ukifurika majira ya baridi, malisho yote yanageuka maji. Mwaka 1474 Maud alitoa mali yake iwe wakfu, ili mapato yake yajenge na kuitunza njia ya kuwavusha watu wa sokoni bila kulowa. Njia ina urefu wa kilomita 7 hivi. Wakfu wake upo mpaka leo, na bado unaitunza.

Tutaanzia Wick Hill, ambako mwaka 1838 walimjengea nguzo ndefu, naye yuko juu kabisa na kapu lake, anaangalia bonde alilokuwa akilivuka. Tuteremke kupitia East Tytherton hadi Kellaways, na hapo ndipo nataka usimame. Njia inapanda juu ya matao, yote pamoja 64, barabara ya magari ikabaki chini yako. Shuka uinamie tao moja. Utaona matofali yameota ukoga wa kijani, mengine yamebadilishwa juzi juzi na rangi yake bado haijafifia, na chini pale tope limeacha mstari unaokuonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Bibi mmoja ninayemhudumia aliniambia kwamba utotoni mwake, mafuriko yakija, wao shule walikwenda kwa kupita juu ya Maud.

Unajua ni nani niliyemkumbuka siku niliyoipita njia hiyo mara ya kwanza: bibi yako, na ndoo yake ya dagaa, alfajiri, kwenda Kirumba wakati wa masika. Yule hakuna aliyemjengea tao hata moja. Ndiyo maana Maud nampenda. Nchi hii imejaa sanamu za majemadari, lakini sanamu ya mwanamke aliyebeba mayai kwenda sokoni sijaiona kwingine.

Baada ya hapo twende Lacock, kilomita tano hivi kusini mwa mji. Ni kijiji chenye mitaa minne, nyumba zake za mbao na mawe zimeinamiana kidogo kwa uzee, na hutaona nyaya za umeme wala antena juu ya mapaa. Karibu kijiji chote ni mali ya National Trust, shirika la kutunza majengo na mahali pa kale. Mwaka 1944 Matilda Talbot, aliyekuwa amerithi kijiji pamoja na abasia yake, yaani nyumba ya watawa ya zamani, alivitoa vyote viwili kwa shirika hilo. Watu wanaishi humo kwa kupanga. Kutembea mitaani ni bure, ila kuingia abasia tutalipa, na tutalipa kwa moyo mweupe.

Abasia hiyo nayo ni kazi ya mjane. Ela, aliyekuwa Countess wa Salisbury, yaani bibi wa cheo cha juu cha kikabaila, alifiwa na mumewe mwaka 1226. Mwanamke wa cheo chake angetarajiwa aolewe tena haraka, mali ihamie kwa mume mpya. Ela hakuolewa. Alishika hata kazi ya shirifu wa Wiltshire, yaani mwakilishi wa mfalme katika jimbo zima, kisha mwaka 1232 akaanzisha nyumba hii ya watawa wa kike, na baadaye akawa mkuu wao wa kwanza. Ukumbi wa kuzunguka bustani walimokuwa wakitembea bado umesimama, na sakafu yake ya mawe imelika katikati kwa nyayo. Humo ndani ndimo ilimotunzwa kwa karne nyingi nakala ya mwaka 1225 ya Magna Carta, ile hati iliyouwekea mipaka uwezo wa mfalme. Wewe uliyesoma historia najua utataka kuiona, lakini tangu miaka ya 1940 haipo hapo tena, ilipelekwa London, na sasa iko British Library, maktaba ya taifa. Basi London nayo imepata sababu.

Watawa walifukuzwa mwaka 1539, Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa nchi nzima, na abasia ikauzwa ikawa makazi ya tajiri. Humo, miaka mia tatu baadaye, aliishi William Henry Fox Talbot. Agosti 1835 aliweka kisanduku kidogo cha mbao mbele ya dirisha la ukumbi wa kusini, ndani yake karatasi iliyopakwa kemikali ya fedha, akapata picha ndogo karibu sawa na stempu: penye mwanga peusi, penye giza peupe. Ni negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Aliandika pembeni yake kwamba ilipokuwa mpya, vipande vya vioo vya dirisha vilivyopata 200 viliweza kuhesabika kwa msaada wa lenzi. Dirisha lenyewe lipo pale pale. Nitataka usimame mbele yake nikupige picha kwa simu.

Pale Lacock tutakula kwenye nyumba ya wageni ya zamani iitwayo The George. Kando ya meko yake kuna gurudumu la mbao ukutani. Zamani walimweka mbwa mdogo mwenye miguu mifupi ndani yake, akikimbia, gurudumu linazungusha kijiti cha kuchomea nyama juu ya moto. Nilipoelezwa, nilikosa hamu ya nyama. Yule mbwa alikuwa anakimbia mbele ya moto saa nyingi ili wengine wale. Utakapokaa hapo mtazame huyo kwanza, hayo mapambo mengine baadaye.

Castle Combe utakuwa umekiona kwenye simu, maana picha zake ziko kila mahali: barabara moja inayoteremka, nyumba za mawe ya rangi ya asali, kijito cha Bybrook na daraja lake. Ni kizuri kweli, sikukatazi kukisifu. Ila kumbuka kilikuwa kijiji cha kazi. Nyumba zile zilikaliwa na wafumaji wa sufu, na kijito kiliendesha vinu vya kukandia nguo hadi zikazane. Katika karne ya 15 bwana wa kijiji alikuwa Sir John Fastolf, mwanajeshi wa vita vya Ufaransa, naye kila mwaka alinunua kwa wafumaji wake kitambaa chekundu na cheupe cha zaidi ya pauni 100 kuwavalisha askari wake. Fedha ya wakati ule! Utajiri wa kijiji ulitoka hapo, na kanisa likapata mnara wake. Ndani ya kanisa kuna saa ya zamani sana isiyo na uso wala mishale. Ilipiga kengele tu, na watu kazini wakajua wamefika wapi katika siku. Vitambaa vimekwisha, vinu vimekwisha, na majina ya wale waliokaa nyuma ya vitanda vya kufumia hayakuandikwa popote barabarani. Tukifika tusichungulie madirisha ya watu. Ni makwao, na wanachoka.

Ukitaka kijiji cha kukaa tu bila msongamano, kipo Biddestone, na bwawa lake la bata na nyasi pembeni. Tutabeba vitafunwa. Hapo sina historia ya kukupa, nina mkeka tu.

Malmesbury tutakwenda nusu siku. Kaburi la Athelstan, mfalme wa kwanza wa Uingereza yote, aliyefariki mwaka 939, liko ndani ya abasia, ingawa lenyewe ni tupu. Mtawa mmoja wa hapo, Eilmer, mwanzoni mwa karne ya 11 alijifunga mabawa akaruka kutoka mnarani, akaelea mita zipatazo 200, akaanguka akavunjika miguu yote miwili. Alisema kosa lilikuwa kutojiwekea mkia! Lakini mimi nitakupeleka nje, kwenye makaburi, kwa Hannah Twynnoy, mhudumu wa baa. Mwaka 1703 wanyama wa maonyesho waliletwa mjini, na chui milia akamuua. Alikuwa na miaka 33. Wakamwandikia shairi jiweni, na jiwe hilo linasomeka hadi leo. Mfalme ana kaburi tupu, na mhudumu wa baa ana shairi.

Avebury nitakuacha uione bila maneno mengi. Ni duara la mawe lililo kubwa kuliko yote duniani, lilijengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na kijiji kimeota ndani yake, kondoo wanajikuna kwenye mawe ya tani nyingi. Hakuna kamba, unayagusa. Handaki linalolizunguka, ambalo kina chake kilifika mita 9, lilichimbwa kwa pembe za paa. Weka mkono wako juu ya jiwe kisha ufikirie hizo pembe.

Sasa nifike ninapotaka. Karibu na mji mdogo wa Corsham kuna kijiji kinaitwa Neston. Siku moja, nikiwa njiani kwenda kwa mzee mmoja, niliambiwa kuna jiwe la ukumbusho ukutani huko, na jina lililochongwa ni la mtu tunayemjua sisi watu wa Mwanza: John Hanning Speke. Nilisimama pale na sare yangu ya kazi, nikawa sina la kusema.

Unakumbuka somo. Speke alitoka pwani na mpelelezi mwenzake, Richard Burton, mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, kisha Ujiji. Waliporudi Kazeh, Burton akiwa mgonjwa, Speke akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa letu kutoka kwenye vilima vya kwetu. Akasema hapa ndipo unapotoka Nile. Burton alikataa. Miaka sita baadaye wakaandaliwa wabishane hadharani mjini Bath, tarehe 16 Septemba 1864. Mchana wa tarehe 15, Speke alikuwa akiwinda kwale Neston, kwenye mashamba ya jamaa zake. Akapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka ikampiga mwilini. Alikuwa na miaka 37. Mabishano yale hayakufanyika.

Nataka ufike pale kwa sababu ya mtu mwingine, ambaye jiwe halimtaji. Siku ile Speke alipoliona ziwa, aliyekuwa naye ni Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, na bwana wake alipokufa akawa huru akarudi Unguja. Speke hakujua lugha zetu. Yeye na Bombay walizungumza Kihindustani, kila mmoja alichokipata India, na kila neno la mwenyeji lilipita mdomoni mwa Bombay kwanza. Alikwenda tena na Speke safari ya pili, ile iliyofika Jinja mwaka 1862. Akaongoza wapagazi wa Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na mpelelezi mwingine, Cameron, kutoka bahari hii hadi ile. Chama cha kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Na huko London, kwenye bustani za Kensington, kuna mnara mrefu wa Speke unaotaja Victoria Nyanza na Nile. Huo nao tutauona, ukishaliona jiwe la Neston, na wewe binti wa ziwa hilo ndiye utakayenieleza mimi unauonaje.

Basi kabla hujaondoka nenda kwa babu yako Magu. Muulize wazee wake walimsimulia nini juu ya misafara iliyopita kwao, waliuza nini, walikataa nini, nani alionyesha njia. Andika kila atakachosema, hata kama kinapingana na vitabu. Mchukulie sukari na majani ya chai, na usimharakishe.

Uje na viatu vya kutembelea vilivyokwisha kuvaliwa, maana vipya vitakuchubua, na sweta hata kama watakuambia huku ni kiangazi. Dagaa funga vizuri, harufu isijaze sanduku, na uulize kwanza kama wanaruhusu.

Wasalimie bibi, wadogo zako na majirani wote.

Ni mimi mama yako.