Darubini za ardhini hazijapitwa na wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyedai kwamba, tangu darubini ya Hubble irushwe angani mwaka 1990, kujenga darubini kubwa ardhini ni kupoteza fedha, kwa kuwa hewa huharibu picha hata kioo kiwe kikubwa namna gani.

Kuhusu hewa amesema kweli. Sisi tunaokaa vilimani hapa Kigoma huziona taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta mbali ziwani ilhali zinawaka sawasawa, kwa sababu mwanga wake hupindishwa na hewa yenye joto lisilolingana kabla haujatufikia. Mwanga wa nyota nao hupatwa na hayo hayo, na ndiyo maana darubini yenye kioo cha mita 8, isiposaidiwa, hukusanya mwanga mwingi lakini haichambui vitu vidogo vizuri zaidi kuliko darubini ya sentimita 20.

Hata hivyo, dawa ipo. Mwaka 1953 mwanaastronomia Horace Babcock wa Marekani alipendekeza mpindo huo upimwe papo hapo, kisha umbo la kioo libadilishwe ili kuufuta; vifaa vya enzi zake havikuiweza kazi hiyo, ila vya leo vinaiweza. Katika mojawapo ya darubini kubwa za Paranal, nchini Chile, kioo cha pili, kinachopokea mwanga kutoka kioo kikuu, kina unene wa milimita 2 hivi, na visukumio 1,170 vilivyo nyuma yake hukibonyeza na kukiachia mamia ya mara kwa sekunde. Pasipo na nyota angavu ya kupimia, leza huelekezwa juu na kuzifanya atomi za sodiamu, zilizo kilomita 90 hivi kutoka ardhini, ziwake mfano wa nyota, jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko kioo chenyewe.

Kwa njia hii wanaastronomia Andrea Ghez na Reinhard Genzel walifuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi yetu, wakatunukiwa Nobel mwaka 2020. Nakiri kwamba urekebishaji huu hufaa zaidi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kwa eneo dogo la anga, hivyo Hubble bado ina kazi yake. Lakini kioo cha Hubble ni cha mita 2.4, ilhali darubini inayojengwa sasa Chile itakuwa na kioo cha mita 39, na hakuna roketi iliyopo inayoweza kukibeba.

Mwalimu wa fizikia,
Ujiji, Kigoma