Hiyo kadi usiitupe kwanza

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mimi huku mzima, hofu ni kwako wewe unayekesha na skana kuukuu. Barua yako nimeisoma mara mbili na, unisamehe, mara ya pili nilicheka. Uliposema kadi ya SCSI, ile inayounganisha kompyuta na diski na skana, inaionyesha skana moja kwenye kila namba, kama vile imezaa watoto usiku, nilijiona mwenyewe wakati ule.

Nakuomba usinunue kadi nyingine. Mimi nilinunua, na ile mpya ikaugua ugonjwa uleule.

Tuanze na hao watoto wa skana. Kila kifaa kwenye mnyororo ule wa nyaya unaounganisha kadi, diski na skana kina namba yake, kuanzia 0 hadi 7, na kadi yenyewe kwa kawaida hukaa 7, kwa sababu vifaa viwili vikitaka kusema kwa pamoja, 7 ndiye anayepishwa. Sasa kadi ikiita kifaa, huinua namba mbili kwa wakati mmoja: ya anayeitwa na ya kwake. Nina hakika skana yako nayo imewekwa 7. Kila mara kadi inapoita, skana inaiona 7 na kuitika "abee", hata kama aliyeitwa ni mwingine. Zima kila kitu, tazama nyuma ya skana, utakuta swichi ndogo ya namba. Iweke 5. Ukitaka kujua diski iko namba gani, soma jampa zake, vile vifuniko vidogo vya pini: zinahesabiwa 1, 2 na 4, unajumlisha zilizochomekwa. Ikiwa hakuna hata moja, hiyo ni 0, na hapo iache.

Hilo la pili, la diski kukatika katikati ya kunakili, ndilo lililonila siku tatu. Lilinidanganya kwa sababu mafaili madogo yalipita vizuri, picha kubwa ndizo zilikwama. Nikaisingizia diski, nikasakinisha mfumo upya, kisha ndipo nikanunua ile kadi.

Mnyororo wa SCSI una ncha mbili, na kila ncha lazima ifungwe kwa temineta, yaani kizuizi kinachomeza umeme mwisho wa waya. Isipofungwa, umeme ukifika mwisho unarudi kama mwangwi na kuivuruga ishara inayofuata. Ncha mbili, temineta mbili. Ya tatu inaharibu, na moja peke yake haitoshi. Kabla ya skana, kadi yako ilikuwa ncha moja na diski ya ndani ncha nyingine, mambo yakaenda. Ulipochomeka skana kwa nje, mnyororo ukaanza kwenye diski, ukapita kwenye kadi, ukaishia kwenye skana. Kadi sasa iko katikati, lakini hakuna aliyeiambia. Bado imefunga mlango kana kwamba ndiyo mwisho wa nyumba.

Kwa hiyo temineta ya kadi izimwe, na ya skana iwekwe. Kama kadi yako ni ya kampuni ya Adaptec, kompyuta inapowaka bonyeza Ctrl na A, utaingia kwenye mipangilio yake. Kama ni ya zamani zaidi, angalia kando ya soketi ya waya: kuna vijipande vitatu vyembamba vimesimama kwa safu kama meno ya kitana. Hizo ndizo temineta zenyewe. Kabla ya kuving'oa tazama kile kidoti pembeni kinachoonyesha pini ya kwanza, ukipige picha, maana siku ya kuvirudisha ukivigeuza utakuwa umejitafutia kesi nyingine. Vitie kwenye bahasha. Vyangu viwili mpaka leo sijui vilianguka wapi.

Waya nao uupime. Kwa SCSI ya kwanza kikomo ni mita 6, kwa ile ya kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde ni mita 3, na unajumlisha wa ndani na wa nje. Watu husahau wa ndani.

Na tafadhali, usichomoe skana kompyuta ikiwa inawaka. Kadi ndiyo inayozilisha temineta umeme, kupitia kifyuzi kidogo, na kikiungua utatafuta kosa mahali pote isipokuwa hapo. Halafu ile soketi ya pini 25 ya skana inafanana kabisa na ya printa. Usije ukachanganya nyaya gizani.

Ukishamaliza, washa skana kwanza, kompyuta baadaye, kisha soma orodha ambayo kadi inaitoa kabla mfumo haujapanda. Diski ikionekana pale halafu ikapotea ndani ya mfumo, hapo ndipo utafute draiva, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Isipoonekana pale, draiva hata kumi hazitasaidia, rudi kwenye nyaya na jampa. Na siku diski ikitulia, nakili zile picha zote kabla hujaigusa skana tena. Skana itasubiri.

Niandikie temineta umezikuta ngapi. Mimi nasema tatu.

Ni mimi rafiki yako,
Juma