Mdogo wangu, kuhusu ile picha iliyokukasirisha

Mdogo wangu,

Umenibloku, grupu la familia umetoka, nikimpigia shemeji anasema umelala na hata saa mbili haijafika, haya basi nakuandikia huku huku unakoshinda ukibishana mambo ya mpira na watu usiowajua. Usipoiona wewe wataiona wajomba watakutumia, hao kwa kutuma hawajambo.

Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua ila anakula, mvua zimenyesha mpaka pale kwetu njia imekuwa tope tupu, dagaa imepanda bei. Mtoto mzima pia. Amerefuka, yale mashati uliyotuma Idi mikono inamwishia hapa karibu na kiwiko, lakini hataki niyagawe.

Sasa ile picha ya mwanao na jirani yetu pale shuleni. Uliandika kwenye grupu kwamba nimempa mwanao baba mwingine. Ukaandika mbele ya mama, mbele ya wajomba, mbele ya wale watoto wa Kasulu ambao hata hatujui nani aliwaingiza kwenye lile grupu. Halafu ukatoka. Yaani umerusha jiwe ukafunga mlango. Ngoja nikwambie basi, maana wewe umeona picha moja ya Ijumaa na mimi hiyo wiki nimeanza nayo Jumatatu.

Shule yao kila mwaka wana wiki ya taaluma, unajua, barua ya mwaliko niliipiga picha nikakutumia na tiki mbili za bluu nikaziona. Ni wavulana watupu, wadogo wadogo, ukifika getini ni kelele mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Jumatatu ilikuwa kusoma kwa sauti na hesabu za kichwa. Hapo sina la kusema, mwanao kwenye hesabu yuko katikati, kwenye kusoma anameza maneno kwa haraka yako wewe ile ile.

Jumanne wakapelekwa Ujiji, kule kwenye makumbusho ya Livingstone. Sisi tulipelekwa tukaambiwa mzungu alikutana na mzungu chini ya mwembe mwaka 1871, tukaimba, tukapewa maandazi tukarudi. Hawa wana mwalimu kijana, mkorofi kwa maswali. Kawasimamisha mbele ya yale masanamu mawili yanayovuliana kofia akawauliza, huyu Stanley aliyekuja kumtafuta Livingstone, mizigo yake kutoka pwani mpaka hapa nani aliibeba? Mmoja akasema punda. Wakacheka sana, ndo akawaambia habari za wapagazi, kina babu zetu wa huku bara na Wanyamwezi wa Tabora, kitambaa na shanga vichwani miezi na miezi. Halafu akawaambia Livingstone alipofia kule ambako sasa ni Zambia mwaka 1873, watumishi wake kina Susi na Chuma na wenzao walimbeba mwili wake mpaka Bagamoyo, kwa miguu. Mwanao katika yote alirudi na hilo. Tunakula usiku ananiuliza, shangazi, walimbeba njia yote ile na hakuwa ndugu yao? Nikamwambia ndiyo. Akainama akamalizia mgebuka wake. Mimi moyoni nikakukumbuka wewe na SGR yako.

Maana udhuru wako wa kwanza wa kutokuja ulikuwa huo, eti SGR, ile treni mpya ya umeme, haijafika Kigoma. SGR tangu 2024 inakushusha Dodoma, kutoka pale mabasi ya kuja huku yapo, na ile treni ya zamani ipo, kilomita kama 1,250 za reli iliyofika hapa mwaka 1914, mama aliipanda na miguu yake hiyo hiyo kwenda kukuangalia ulipolazwa. Hakusema haijafika.

Jumatano walipanda michikichi nyuma ya madarasa, ile mbegu ya tenera wanayozalisha Kihinga, ganda jembamba nyama nyingi, siyo ile mirefu ya mzee iliyokuwa inatutoa roho kuipanda. Wakaambiwa itaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Jioni namuosha udongo kwenye kucha ananiambia, sasa mpaka izae mimi si nitakuwa nimeshamaliza hapa, baba tutamwonyesha nini? Nikasema tutamwonyesha mti. Akasema mti hata Dar upo.

Alhamisi ndo kazi za mikono. Kundi lao walitengeneza Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Maboksi ya sabuni, vijiti, gundi ya uji wa muhogo, bomba la moshi kopo la dawa ya mbu, wakaipaka chokaa mpaka mtoto karudi nyumbani nywele nyeupe. Yeye ndo alichaguliwa kuieleza. Na hii habari ya Liemba, bwana, alikuwa anaikariri kuanzia wiki ya nyuma, bafuni, chooni, kwenye baiskeli, mpaka mama sasa anaijua kuliko mimi. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa bahari halafu kwa reli, ikaungwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiwaachie adui zao, Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Unajua kwa nini alitaka hiyo meli na siyo kitu kingine? Kwa sababu wewe ndo ulimsimulia ulivyopanda na mzee mpaka Kasanga ukatapika njia nzima. Alitaka kukwambia wewe ambacho wewe ulikuwa hukijui.

Sasa Alhamisi hiyo hiyo usiku ukapiga simu. Nakumbuka neno kwa neno kwa sababu simu niliishika mimi, nimeweka sauti ya nje, mtoto amekaa hapa. Ukasema, baba yangu niko njiani, nimeshafika Tabora, kesho asubuhi tuko wote. Na nyuma yako nasikia konda wa daladala za Dar anaita Mbagala, Mbagala, Mbagala Rangi Tatu.

Tabora gani hiyo, mdogo wangu.

Mtoto hakusikia. Au alisikia hakutaka kusikia, sijui, furaha ilikuwa nyingi. Alianza kupiga hesabu kwa vidole, kutoka Tabora mpaka hapa usiku mmoja, kwa hiyo baba atakuja na vumbi, kwa hiyo shangazi uweke maji ya kuoga. Niliweka maji. Nilikaa nje peke yangu nikakutumia meseji, mwambie ukweli sasa hivi kabla hajalala, ukajibu "usiwe na wasiwasi dada". Hiyo meseji ninayo, ukitaka nitaibandika hapa hapa.

Ijumaa. Wamefunga turubai, sisi kina mama upande wa nyuma, na mbele meza za watoto, kila mtoto viti viwili vya plastiki, chake na cha baba au mlezi wa kiume. Hiyo ndo ilikuwa programu, mtoto anamweleza baba yake kazi yake mbele ya watu. Mwanao alifika wa kwanza. Akavua sweta lake akalifunga kwenye mgongo wa kile kiti cha pili, mikono ya sweta akaipiga fundo. Viti vikawa havitoshi, wageni wamesimama, mwalimu akapita anakusanya vile vya bure. Akafika kwake akashika kile kiti. Mwanao akakikamata mguu kwa mikono miwili. Hakulia wala nini. Akasema, mwalimu, kina mtu hiki, yuko Tabora anakuja. Mwalimu akaangalia huku nyuma akanitafuta mimi kwa macho. Na saa hiyo hiyo simu yangu inalia, ni wewe umetuma elfu hamsini, umeandika mnunulie soda na mkate wa siagi.

Mimi hilo siwezi. Mengine nimekusamehe, yale ya bati, yale ya msiba wa mzee, hata yale uliyoniambia siku nilipokuja kwako na mzigo wa mawese. Lakini kile kiti kila nikifumba macho kipo.

Ndo hapo yule jirani yetu akaingia. Yeye hakuja kwa sherehe, alileta gunia la dagaa kwa mpishi, alikuwa hajaingia ziwani kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kali na dagaa haifuati taa mwezi ukiwa mkubwa, hayo unayajua, mmelala Kibirizi mchangani pamoja nyie wawili tangu hamna meno. Kavaa kandambili. Mimi nikamwita. Sikumnong'oneza wala sikupanga, nilimwita kwa mkono nikamwonyesha kile kiti, na yeye akaelewa, hakuuliza. Akaenda akachuchumaa kwanza, hakukaa. Akamwambia mtoto, mimi hii meli naiona tangu nazaliwa na sijui habari zake, utanieleza wakati tunamsubiri baba? Mtoto akamwangalia muda. Halafu akalifungua lile fundo la sweta, polepole, akaliweka mapajani.

Alieleza yote. Alipofika kwenye kuzamishwa jirani akauliza kwa nguvu, sasa mashine si zilioza huko chini? Mtoto akasema hazikuoza, walizipaka grisi kwanza kabla ya kuizamisha. Watu wakapiga makofi, ndo akacheka, ndo mtu akapiga picha. Picha ndo hiyo.

Sasa niambie ningefanya nini. Ningekiacha kiti kitupu ili heshima yako ibaki? Najua ninyi wawili mna yale mambo yenu ya ule mtumbwi, lakini mtoto hajui mtumbwi wenu. Na mimi sikumwambia mtoto huyu ni baba yako, wala hamwiti baba, anamwita mjomba kama anavyomwita muuza mkaa. Mama yake alipopiga kutoka Muscat usiku nikamweleza yote, yeye alilia akasema umefanya vizuri wifi. Yuko mbali kuliko wewe, lakini kila Ijumaa anapiga na akiwa Muscat anasema yuko Muscat.

Nilitaka nikushauri mambo mawili. La kwanza ni simu, mtoto anahitaji simu yenye ukweli hata ikiwa fupi, ukisema sina nauli atakuelewa, ana akili, anajua nauli ni nini. Na usiseme mimi ndo namjaza maneno, kwa sababu vocha za kukupigia wewe ni zangu, na nyingi ya hizo simu hukupokea, na nilimwambia baba yuko kazini. Nimekulinda mimi. Watu hawajui.

La pili ni bweni. Nimesikia kwa mjomba unasema akifika la tano unamrudisha bweni huko Pwani. Serikali ilipokataza bweni mwaka 2023 kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne ndo ulikumbuka una dada Kigoma, ukamleta na begi moja na kikohozi, anaamka usiku anatandika kitanda saa tisa kwa sababu alizoea matroni. Imechukua muda mpaka akaacha kutandika. Usimrudishe. Na kabla hujasema nataka hela ya matumizi, piga hesabu mwenyewe ya mwaka jana, uliyotuma na daftari, viatu, dawa ya malaria, mchango wa hiyo wiki yenyewe. Sidai. Ada yako ya form five unajua ilitoka wapi na unajua nani aliacha cherehani ya watu ili itoke, na siku zote sijawahi kusema, leo nasema kwa sababu umeniita mchonganishi mbele ya mama. Mchonganishi angemwambia mtoto habari ya konda wa Mbagala. Mimi mpaka leo sijamwambia, akisoma hapa akiwa mkubwa atajua, shauri yako.

Ila nakupenda, usidhani sikupendi. Siku ile alivyokuwa anaeleza, akifika kwenye neno gumu anakuna sikio la kushoto, nani mwingine anafanya hivyo kwenye ukoo huu. Hata jirani aliliona, akaniambia huyu ni yeye mtupu, na alisema kwa uzuri, kama utaamini.

Liemba ya maboksi ipo juu ya kabati la mama, bomba limeshadondoka. Elfu hamsini nimeirudisha kwenye namba yako siku ile ile, makato nimelipa mimi. Ukitaka kuongea naye, Jumatano wana mpira anarudi kachoka, siku nyingine zote baada ya magharibi yuko nyumbani. Piga kwenye ya mama, yangu si umeifunga.

Dada yako