Mnawapigia debe wauza viza

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu 1989 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile makala yenu ya matajiri wa India wanaonunua vibali vya kuishi Dubai, Ugiriki na Marekani imenishinda kunyamazia. Mmewasifu kuwa wajanja, wanaona mbali, wanatawanya mali ili isipotee kwa mkupuo. Waliohojiwa ni madalali wawili, na mwanasheria ambaye kazi yake ni kuwajazia fomu wateja wa madalali hao hao. Hamkumuuliza mzee hata mmoja wa familia hizo.

Mimi wazee hao nawajua. Mama yangu aliletwa Mombasa kuolewa akitokea Gujarat. Mdogo wake alibaki kule, akaolewa Ahmedabad katika nyumba yenye kiwanda cha vitambaa, na tangu mama afariki yeye ndiye mama yangu. Februari 2024 nilikuwa nyumbani kwake. Wanawe wawili, ndugu zangu, walikuwa mbioni kununua fleti Dubai ya dirhamu milioni 2, maana hicho ndicho kiwango cha kupata viza ya dhahabu, yaani kibali cha kuishi huko, ya miaka 10. Sasa Benki Kuu ya India hairuhusu mtu mmoja kupeleka nje zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka wa fedha, na mwaka huo unafungwa Machi 31. Dirhamu milioni 2 ni kama dola 545,000. Fungu la ndugu wawili halikufika, wakaona waongeze jina la mama.

Karani wa benki alikuja na mkoba wake asubuhi. Mama mdogo alikuwa jikoni akikata manjano mabichi ya achari, vidole vimeshika rangi hadi kwenye kucha. Akaitwa sebuleni, akaonyeshwa pa kutia sahihi. Sahihi ya kwanza ikasemwa haifanani na ile iliyoko benki, aliyoitia yeye enzi za uhai wa mumewe. Ya pili ikatoka nje ya kisanduku. Ya tatu ilikuwa sawa, lakini kidole kiliacha doa la njano juu ya namba yake ya kodi, karani akasema fomu imechafuka, akatoa nyingine, mama wa miaka 79 akaanza upya. Fomu yenyewe ni ya Kiingereza, na yeye anasoma Kigujarati. Hakuna aliyemsomea. Karani alieleza kwamba fedha zinazozidi rupia laki 7 zitakatwa asilimia 20 papo hapo, na makato hayo yatahesabiwa kwenye kodi yake ya mapato mwishoni mwa mwaka. Mwanawe mkubwa akamfupishia: "Usijali mama, zinarudi." Nami nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi, nikanyamaza kwa kuwa mgeni haingilii fedha za wenyeji. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Sasa wanawe na wake zao wako Dubai. Yeye hakukubali kuhama, kwa sababu daktari wake, hekalu lake na wenzake wa kuimba bhajani, nyimbo za ibada, wote wako Ahmedabad. Anaishi na mpishi, na nesi anayeondoka saa 12 jioni. Jina lake limo kwenye hati ya nyumba ambayo hajaitia mguu. Jumapili usiku hunipigia simu, tukishaulizana hali, huniuliza, "Mwanangu, mimi nilinunua nini?" Nikimweleza huniambia nirudie polepole, labda yeye hakusikia vizuri.

Na Dubai haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 walikuwa wamempa dalali mwingine arbuni ya nyumba Ureno. Oktoba mwaka huo huo Ureno ikafuta njia ya kupata kibali kwa kununua nyumba, na dalali akasema sheria imebadilika, arbuni hairudi. Makala yenu imepanga bei za nchi kama bei za nyanya sokoni, wala haikusema kwamba bei hizo, na hata mlango wenyewe, hubadilishwa na serikali ya watu wengine bila kumuuliza mnunuzi. Uingereza ilifunga viza yake ya wawekezaji Februari 2022. Uhispania ikafunga ya kwake Aprili 2025. Ugiriki ilianza na yuro 250,000, na tangu 2024 Athens ni 800,000. Na Julai 2025 magazeti ya India yalitangaza kwamba Wahindi sasa watapewa viza ya dhahabu ya maisha kwa dirhamu 100,000 tu. Hazikupita siku nyingi, mamlaka za Falme za Kiarabu zikakanusha, na kampuni iliyokuwa ikitangaza huduma hiyo ikaomba radhi. Habari ile ilitoka kinywani mwa dalali ikaingia gazetini mbichi. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi badala ya kumwandikia dalali, maana yeye hasomwi na mtu mpaka nyinyi mmchape.

Sisi Wahindi wa huku hatuhitaji kufundishwa kuhusu vitabu vya kusafiria. Baba yangu mdogo alikuwa na pasipoti ya Uingereza tangu Kenya ilipopata uhuru. Mwaka 1968, kwa siku chache tu, bunge la London likapitisha sheria kwamba mwenye pasipoti ile, kama yeye, mzazi wake au babu yake hana asili ya Uingereza, asiingie bila hati maalumu, na hati hizo zilitolewa kwa idadi. Alikuwa ameshauza pikipiki na cherehani. Nilikuwa na miaka 11, namkumbuka ameiweka pasipoti juu ya meza ya kulia chakula, anaifungua na kuifunga. Pasipoti ilikuwa ile ile, na muhuri wake ule ule. Alisubiri miaka 4.

Tena hiyo picha mliyoiweka. Makala ni ya mabilionea wa Mumbai na Delhi, picha ni ya duka la leso mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, na mwenye duka anaonekana uso mzima. Kosa lake nini? Mtu huyo ni Mkenya, baba yake alizikwa hapa, na serikali ilitutambua kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Msomaji akimaliza makala yenu atapita dukani kwake akidhani naye anahamisha fedha. Na ile hesabu ya Wahindi 225,620 walioukana uraia wao mwaka 2022 msiwabandike matajiri peke yao. India hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mhandisi au mwalimu aliyefanya kazi Marekani au Kanada miaka mingi, siku anapochukua uraia wa huko analazimika kuuacha wa nyumbani. Hao hawakununua kitu.

Naomba mambo mawili. Kwenu, mkiandika tena habari hizi, kando ya bei mchape mwaka ambao sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa mara ya mwisho, kwa herufi za ukubwa ule ule wa bei. Na kwa wakubwa wa Benki Kuu ya India, kama kuna msomaji wenu anayeweza kuwafikishia: mtu yeyote aliyepita miaka 70 anayetia sahihi fomu ya kupeleka fedha nje asomewe fomu nzima kwa lugha ya kwao, akiwa peke yake na karani, wanawe wakisubiri nje na mlango umefungwa. Aulizwe leo, kisha aulizwe tena baada ya siku 7. Akisema hajaelewa, fomu irudi mkobani.

Na yule mwenye duka la leso mwombeni radhi, ukurasa ule ule, akiwa bado anakumbuka.

Msomaji wenu,
Ganjoni, Mombasa