Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Mgeni Wetu wa Julai

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Tanga.

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam.

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAANDALIZI YA MAZUNGUMZO NA MSHAIRI

Tunafunga shule Ijumaa hii. Ripoti ya kila mwanafunzi imo kwenye bahasha pamoja na barua hii. Naomba muisome mtoto mwenyewe akiwepo, na msiishie kwenye nafasi aliyoshika; maoni ya mwalimu wa darasa yana mengi zaidi. Kidato cha Nne watapumzika wiki mbili tu, kisha watarudi kwa masomo ya ziada kama tulivyokubaliana kikaoni. Mchango wa chakula una karatasi yake, sitaurudia hapa.

Nilichokusudia hasa kuwaandikia ni kazi ambayo watoto watakuja nayo nyumbani. Tukifungua tu tutakuwa na Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Kawaida yetu imekuwa ngonjera na hotuba. Safari hii tumemwalika mshairi aje akae na wanafunzi asubuhi nzima, aulizwe. Amekubali kwa sharti moja, kwamba watakaomuuliza wawe wameisoma diwani yake.

Sharti hilo limetupa kazi. Mwalimu wa Kiswahili alipoomba maswali mara ya kwanza, yalikuja mengi yakajaza ubao wa matangazo. Ulizaliwa wapi? Umepata tuzo gani? Je, unapenda kuandika mashairi? Unatushauri nini sisi vijana? Aliyabandika yote, akawaachia wanafunzi wenyewe wayachuje. Kipimo walichokubaliana kilikuwa kikali: swali lolote ambalo mwanamuziki au mbunge angeweza kuulizwa vilevile, libanduliwe. Jioni ile ubao ulibaki karibu mtupu.

Ikabidi wasome. Maktaba ina nakala tatu tu za diwani hiyo, kwa hiyo kila kundi lilinakili mashairi yake kwa mkono. Naona hilo limewafaa kuliko fotokopi, maana anayenakili tarbia, shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, hujikuta anahesabu mizani, yaani silabi, hata asipotumwa: nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili. Binti mmoja wa Kidato cha Pili alimwendea mwalimu akiwa na mashaka. Ameuhesabu mshororo kwa vidole, akarudia, bado anapata mizani 17 badala ya 16. Alidhani kosa ni lake. Mwalimu akahesabu, naye akapata 17. Swali la binti huyo sasa ndilo la kwanza kwenye orodha: mizani ile ya ziada ilimponyoka mshairi, au aliiacha makusudi?

Chumba cha walimu kiligawanyika. Wapo walioona si adabu mtoto kumwambia mtu mzima, tena mgeni, kwamba mshororo wake umezidi. Wasiwasi huo nauelewa, na najua baadhi yenu mtakuwa nao. Lakini ushairi wetu umekulia kwenye kujibizana. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu, na hawakubembelezana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watunzi walioulizana na kujibizana, wengine bila kujuana sura. Mtunzi anayeulizwa kuhusu mizani moja anajua kwamba amesomwa, na sidhani kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo. Basi swali limebaki. Lililofanyiwa kazi ni namna ya kuliuliza: binti ataamkia, ataomba ruhusa, atausoma mshororo wenyewe kwa sauti, halafu atauliza bila kupunguza neno.

Mazoezi yamekuwa na vichekesho vyake. Mwalimu wa Kemia, ambaye hutunga mashairi kwa siri isiyo siri, alijitolea kuwa mgeni, na alikuwa mgeni mgumu. Kila swali lililoanza na "je" alilijibu "ndiyo" au "hapana", akanyamaza, akatazama dirishani. Ukimya ule uliwatesa. Tangu hapo wanauliza wawili wawili. Mmoja ana swali aliloliandika. Mwenzake hana karatasi kabisa, kazi yake ni kusikiliza jibu na kuuliza jambo lililomo ndani ya jibu hilo. Huyu wa pili ndiye mwenye kazi nzito. Baadhi ya wanaoiweza vizuri si wale wanaoshika nafasi za juu, na nimewaomba walimu wa darasa waliandike hilo kwenye ripoti.

Kidato cha Tatu wana ugomvi wao. Mgeni wetu ameandika mashairi ya vina na mizani na pia mashairi huru, yasiyofungwa na kanuni hizo. Kundi moja limejificha nyuma ya kanuni za utunzi alizoziandika mshairi Kaluta Amri Abedi mwaka 1954. Jingine linasema mlango ulikwisha funguliwa Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, kwa nini tuendelee kubisha hodi. (Mimi ni wa vina, siwafichi.) Baada ya kubishana sana wameafikiana kumuuliza swali moja: akikaa kuandika, anajuaje kwamba hili litafungwa kwa vina na lile liachwe huru?

Liko pia swali la fedha: mshairi anakula nini? Walimu wawili walitaka liondolewe. Nimeamua libaki, ila liulizwe mwishoni. Wazazi kadhaa mmeshaniuliza ofisini, kwa maneno yanayofanana na hayo, kama mtoto akichagua HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) atakula vina. Ni haki watoto wasikie jibu kutoka kwa mtu anayeyaishi maisha hayo, si kutoka kwangu.

Sasa ombi langu kwenu kwa likizo hii. Kila mwanafunzi anatakiwa arudi na swali moja, limeandikwa kwenye karatasi, na chini yake ubeti uliomfanya aulize. Msimtungie. Mtoto aliyetungiwa swali, au aliyelichota intaneti, atajulikana mara mgeni atakapomrudishia, "Kwa nini unauliza hivyo?" Mnachoweza kufanya ni kumsikiliza akiwasomea shairi, kisha mmwambie ni wapi hamkuelewa. Mara nyingi hapo ndipo swali linapozaliwa.

Na kama kuna bibi au babu nyumbani, tafadhali mtoto akae naye. Aombe wimbo wa harusi, wa kubembeleza mtoto, wa shambani, hata beti mbili za utenzi alizofundishwa zamani, aziandike kama zilivyotamkwa. Si lazima ziwe za Kiswahili. Za Kisambaa, Kidigo, Kibondei au Kizigua tunazitaka vilevile, kwa sababu mgeni ameomba naye awe na nafasi ya kuwauliza watoto. Watoto wa Tanga wamekariri kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, na wanaliandika hilo vizuri kwenye mtihani. Wachache wanajua ni nani nyumbani mwao anayeshika shairi kichwani.

Wazazi mnakaribishwa siku hiyo. Saa ya kwanza ni ya wanafunzi peke yao kuuliza, nasi watu wazima tutanyamaza, mimi nikiwemo. Hakutakuwa na meza kuu, na utambulisho wa wageni hautazidi dakika tano. Naomba viongozi wa mtaa na wajumbe wa bodi wanielewe mapema.

Karatasi za maswali zikabidhiwe kwa walimu wa darasa siku ya kufungua. Asiyekuwa na swali aje tu. Wasikilizaji wanahitajika, na wengine watahitajika saa moja asubuhi kupanga viti.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule