Utafiti wa seli usomwe hadharani

Mhariri, salamu. Mi ni mwalimu wa bailojia tu, sio mtafiti, ila hili linanikereketa. Watu wanasema makala ya sayansi ikiwekwa mtandaoni kabla haijapitishwa na jarida la sayansi basi ni uzushi, kwani hao wataalamu wa jarida wanaoikagua na kuipitisha kwa siri hawakosei? Mnakumbuka watafiti wa Japani 2014, jarida la sayansi la Nature lilitoa makala zao mbili kwamba ukiziloweka seli za panya kwenye maji yenye asidi kidogo, kama nusu saa hivi, zinarudi kuwa seli shina zinazoweza kuwa kiungo chochote. Zilipitiwa na wataalamu, zikapita! Halafu watu baki huko intaneti wakazikazia macho picha, wakaona kwenye ile picha ya mistari inayoonyesha kipimo cha DNA kuna kipande kimekatwa kwingine kikabandikwa hapo, maabara zingine zikajaribu zikatoka kapa, Julai mwaka uleule zote mbili zikafutwa.

Ndo maana nawapenda eLife, jarida la sayansi la mtandaoni, tangu 2023 makala ikishapitiwa hawasemi tena imekubaliwa au imekataliwa, wanaweka makala pamoja na maoni ya wapitiaji hapohapo, ushahidi dhaifu unaambiwa dhaifu. Majina ya wapitiaji wengi bado yanafichwa, sawa, kijana atamkosoaje profesa wake waziwazi bana.

Sasa nyie gazetini mkiandika "wanasayansi wamegundua", tuambieni basi nani kaipitia na kasemaje, hata mstari mmoja.

Mwalimu, Morogoro