Barua ya wazi kwa shangazi: uchovu wa mtoto huyu si uvivu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani, bila kulitaja jina lako, kwa sababu uliyoyasema kwenye harusi kule Tanga husemwa na watu wazima wengi wenye nia njema: kwamba binti wa kaka yangu ni mvivu, kwa kuwa alicheza na wenzake hadi jioni na kesho yake akashindwa hata kuinuka mkekani.

Binti huyo ana ugonjwa wa mitokondria, na ndivyo ulivyo. Mitokondria ni sehemu ndogo sana ndani ya seli, zinazotumia chakula na hewa tunayovuta kuzalisha nguvu za mwili, na zikishindwa kazi, viungo vyenye mahitaji makubwa, kama ubongo, misuli, moyo, macho na masikio, ndivyo huathirika zaidi. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hupata kifafa, mwingine kisukari pamoja na uziwi, na mwingine huchoka kupita kiasi huku kwa nje akionekana mzima. Anaposema amechoka, nakuomba umwamini kabla hujamtuma.

Linaloniuma zaidi ni lawama anazobebeshwa mama yake, kwamba yeye ndiye aliyemletea mtoto ugonjwa. Ni kweli kwamba mitokondria zina jeni zake 37, yaani maagizo ya urithi, ambazo mtoto huzirithi kwa mama, na nadhani habari hiyo ndiyo iliyowafikia, tena nusu. Protini nyingi zinazoendesha mitokondria hutokana na jeni zilizomo katika kiini cha seli, ambazo hurithiwa kwa baba na mama, na watoto wengi wenye ugonjwa huu wamo katika kundi hilo. Vipimo vya binti yetu vilionyesha hivyo hivyo: kaka alikuwa na nakala moja ya jeni yenye kasoro, mkewe nyingine, mtoto akazirithi zote mbili, ilhali wazazi wote wawili ni wazima wa afya. Hata kama ingekuwa imetoka upande wa mama peke yake, hakuna mzazi anayechagua jeni za kumpa mwanawe. Habari za mkosi na jicho baya, shangazi, tuziache. Wataalamu wenyewe walieleza mgonjwa wa kwanza wa aina hii mwaka 1962, Rolf Luft na wenzake huko Sweden, kwa hiyo si ajabu kwamba wazee wetu hawakuachiwa jina lake.

Likizo ijayo mtoto atakuja kukaa kwako. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na asifunge, hata akiomba kufunga pamoja na wenzake, kwa sababu kukaa muda mrefu bila chakula kunaweza kumzidishia ugonjwa. Akipata homa au akitapika, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiwa na barua ya daktari wake, na asipewe dawa ya kifafa iitwayo sodiamu valproeti kabla barua hiyo haijasomwa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii huharibiwa ini nayo.

Kila mwaka, mwezi Septemba, kuna wiki ya kuutangaza ugonjwa huu, na katika nchi kadhaa majengo maarufu huwashwa taa za kijani. Mimi naomba tangazo moja tu: katika kikao cha ukoo, wewe ambaye neno lako hapingi mtu, useme mbele ya wote kwamba mke wa kaka hana kosa.

Mwanao akupendaye.